Ukiona Mfupa Ardhini, Weka Alama



Tumo katika mwezi wa Novemba, ambao Mama Kanisa hutualika kwa namna ya pekee kuwakumbuka na kuwaombea marehemu. Ni mwezi ambao pia, katika sehemu nyingi za nchi yetu, wakulima hutayarisha mashamba wakiingojea mvua, na wenye viwanja huchimba misingi ya nyumba kabla ardhi haijalowa. Majembe na sururu viko kazini. Kwa sababu hiyo tumeona vema juma hili tutafakari pamoja jambo linalotokea mara nyingi kuliko tunavyodhani, nalo likipokelewa vibaya laweza kugharimu hata uhai wa mtu: mtu anachimba, na ghafla jembe lake linagonga mfupa.

Mfupa wenyewe ni wa rangi ya kahawia, umekatika upande mmoja, na hakuna mzee kijijini anayekumbuka kaburi mahali pale. Kabla jua halijatua, habari imekwisha kuenea. Wa kwanza anasema ni mfupa wa mtoto aliyepotea zamani. Wa pili anasema ni kafara iliyofukiwa na jirani ili mifugo ya mwenziwe ife. Wa tatu anataka kujua unauzwa kiasi gani. Wa nne anaokota mfupa na kuutupa kichakani ili fundi aendelee na kazi yake. Wote wanne wamekwisha kutoa hukumu, wala hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Sisi tunashika msimamo ufuatao. Mfupa usiojulikana si mali ya aliyeuona, wala si ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Ni amana. Anayeukuta anao wajibu wa kuulinda pale ulipo, kuwaita wanaohusika, na kuufunga mdomo wake mpaka wanaojua waseme.

Msimamo huo hatukuubuni. Wengi wetu twaifahamu sura ya 37 ya kitabu cha nabii Ezekieli, ile ya bonde la mifupa mikavu. Lakini sura ya 39 ya kitabu hicho husomwa mara chache. Humo nabii anaeleza jinsi nchi itakavyosafishwa baada ya jeshi la Gogu kuangamia katika milima ya Israeli. Watu wote wa nchi watazika kwa muda wa miezi 7. Kisha watateuliwa watu maalumu wa kupita huku na huko wakitafuta mabaki yaliyosalia. Na mpita njia atakapouona mfupa wa mtu, ataweka alama kando yake, mpaka wale waliopewa kazi ya kuzika wafike na kuuzika.

Tuyaangalie maagizo hayo kwa makini. Aliyeuona mfupa hauokoti, wala haupiti kana kwamba hakuuona. Anaweka alama. Hatoi maelezo juu ya nani alikufa, wala nani alimwua. Kazi iliyobaki ni ya wengine walioteuliwa na jamii nzima. Tena, wapendwa, tusisahau kwamba mifupa inayosemwa hapo ni ya adui. Ni ya askari waliokuja kuiteketeza nchi. Hata hao, mfupa wao mmoja uliobaki porini unawekewa alama na kungojewa. Basi, kama adui alistahili hayo, je, asiyejulikana atastahili nini?

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayoua. Katika jamii zetu mfupa uliofukiwa karibu na nyumba huhesabiwa upesi kuwa kazi ya mchawi. Wapo hata wanaojipatia riziki kwa njia hiyo. Ni wale waitwao kamchape katika baadhi ya mikoa na lambalamba katika mingine, ambao huingia kijijini, hufukua katika nyua za watu pembe, matambara na mifupa, kisha huutangazia umati kwamba uchawi umepatikana na mwenyewe anajulikana. Hiyo ndiyo ramli chonganishi. Mara nyingi anayetajwa ni bibi kizee, mjane, asiye na wa kumtetea, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa jikoni. Wanawake wa namna hiyo wameuawa kwa mapanga katika nchi yetu, hususan Kanda ya Ziwa. Wala tusidanganyane kwamba wote waliowaua, au wote waliotazama na kunyamaza, walikuwa watu wasiopata kuisikia Injili.

Je, mfupa waweza kusema nini hasa? Kwanza, mifupa mingi inayokutwa mashambani ni ya wanyama. Mfupa wa paja wa ndama au wa nguruwe, uliovunjika ncha zake zote mbili, waweza kumdanganya mtu yeyote asiye mtaalamu. Pili, rangi si kipimo cha umri. Udongo mwekundu waweza kuutia mfupa rangi yake kwa miaka michache tu. Mahali penye udongo wa tindikali mfupa huliwa ukaisha kabisa, na mahali penye chokaa waweza kudumu vizazi na vizazi. Tatu, umri una vipimo vyake. Kila kiumbe huipokea kaboni 14 kikiwa hai, na kikisha kufa kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa kuipima, wataalamu waweza kukadiria umri wa mabaki ya hadi miaka 50,000 hivi. Kwa mabaki ya kale zaidi ya hapo huchunguza matabaka ya miamba na majivu ya volkano yaliyoyafunika. Katika vipimo vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachoweza kutaja jina la jirani.

Isitoshe, ardhi yetu imebeba mambo ya kale kuliko fikra zetu zinavyoweza kufika. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Oldupai, Bibi Mary Leakey aliona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye mteremko. Kilikuwa sehemu ya fuvu la kiumbe wa ukoo wa binadamu wa kale, aliyeishi takribani miaka milioni 1.75 iliyopita. Fuvu hilo ni hazina ya Makumbusho ya Taifa. Jambo linalotugusa katika habari hiyo ni kwamba, licha ya furaha yao, yeye na mumewe Louis hawakulifukua fuvu siku ileile. Walimsubiri mpiga picha afike, ili kazi yote ifanyike hatua kwa hatua na kuwekwa kumbukumbu. Mfupa kama huo ukionwa na mtu aliyejaa hofu, waweza kumletea balaa ajuza wa nyumba ya pili, kwa kifo kilichotokea zaidi ya miaka milioni moja kabla yeye hajazaliwa.

Hata mfupa ukiwa wa binadamu, na tena usiwe wa kale sana, historia yetu ina majibu mengi kabla hatujafika kwa jirani. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa na wapagazi ilipita kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na walioishiwa nguvu waliachwa njiani. Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyoletwa na uteketezaji wa mashamba na maghala, viliacha sehemu kubwa ya kusini ikiwa na maiti wasiozikwa na jamaa zao. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914 hadi 1918, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yaliwachukua Waafrika kwa wingi kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Tunapokwenda Kariakoo kununua bidhaa, tunalitamka jina la kikosi cha wapagazi hao bila kuwakumbuka. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawaenzi askari na wapagazi kwa pamoja, lakini walio wengi hawana kaburi lenye alama. Walizikwa walipoangukia. Mashamba yetu mengine yako juu yao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jembe lako likigonga mfupa wa mtu, waweza kuwa umemkuta babu wa mtu fulani, aliyetekwa, akatumikishwa na kusahauliwa. Huyo alikwisha kuonewa na walio hai. Kuufanya mfupa wake uwe chombo cha kumwonea mjane wa kijijini ni kumdhulumu mara ya pili, na kumdhulumu mjane pamoja naye.

Jambo la pili ni tamaa. Ipo imani iliyoenea kwamba Wajerumani, waliposhindwa vita, walizika dhahabu na rupia mahali pengi, na kwamba mifupa ni mojawapo ya dalili za mahali zilipo. Kwa ajili ya imani hiyo watu huchimba usiku palipo na magofu na makaburi ya zamani. Lakini lipo baya zaidi ya hilo. Tangu miaka ya 2006 na 2007 taifa letu lilipata aibu mbele ya ulimwengu kutokana na wimbi la mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, waliokatwa viungo kwa ajili ya ushirikina wa utajiri. Hata waliokwisha kufa hawakupumzika, maana zipo familia zilizolazimika kuyafunika makaburi kwa zege ili mifupa ya wapendwa wao isiibwe. Katika hali kama hiyo, anayeokota mfupa na kuulizia bei, hata kwa mzaha, anaulisha moto uleule. Mnunuzi wa mfupa wa mtu aliyekufa zamani hatakosa siku moja kutafuta wa mtu aliye hai.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kale, na inadai kibali kwa anayetaka kuyachimba au kuyatoa nje ya nchi. Si mali ya mwenye kiwanja, wala si ya mwenye jembe. Ni urithi wa wote.

Pengine baadhi yetu tunajiona tuko salama, kwa kuwa hatuogopi uchawi wala hatutafuti utajiri wa haramu. Lakini liko kosa la tatu, nalo huwapata hata watu wema: haraka. Hapa tunayo habari ya kujifunza kutoka kitovu cha Kanisa letu.

Mapokeo ya kale yalisema kwamba Mtakatifu Petro alizikwa katika kilima cha Vatikano, na kwamba Kaisari Konstantino alijenga basilika juu ya kaburi hilo katika karne ya 4. Wakati wa utawala wa Baba Mtakatifu Pio XII, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, uchimbaji ulifanyika chini ya basilika. Chini kabisa ya altare palikutwa makaburi ya kale na mifupa. Watu wengi walitamani kusikia kwamba Petro amepatikana. Mnamo Desemba 1950 Pio XII alitangaza kwamba kaburi la Petro limepatikana, lakini kuhusu mifupa iliyokutwa karibu nalo alisema wazi kwamba haiwezekani kuthibitisha kwa hakika kuwa ni ya Mtume. Na ilikuwa heri kusubiri, kwa sababu wataalamu walipoichunguza mifupa hiyo waligundua kwamba ni ya watu kadhaa, pamoja na ya wanyama.

Kulikuwa na mifupa mingine, iliyokuwa ndani ya ukuta wenye maandishi ya mahujaji wa kale. Hiyo ilikuwa imetolewa ukutani kimyakimya wakati wa uchimbaji, kwa nia njema ya kuihifadhi kwa heshima, bila wachimbaji wenyewe kuarifiwa. Ikawekwa katika sanduku, na sanduku likawekwa ghalani, ambamo lilikaa zaidi ya miaka 10. Mwanazuoni Margherita Guarducci ndiye aliyelifuatilia baadaye, na mifupa ilipochunguzwa ilionekana kuwa ya mwanamume mzee mwenye umbo imara. Tarehe 26 Juni 1968 Baba Mtakatifu Paulo VI alitangaza kwamba masalia ya Mtakatifu Petro yametambuliwa kwa namna inayoweza kuhesabiwa kuwa ya kuridhisha. Tarehe 24 Novemba 2013 Baba Mtakatifu Fransisko aliyaonyesha hadharani kwa mara ya kwanza, siku ya kufunga Mwaka wa Imani.

Hata hivyo, wapo wataalamu ambao hawajaafiki, na hoja yao kubwa inatokana na ile safari ya kimyakimya kutoka ukutani hadi ghalani. Mfupa ukiisha kuondolewa mahali pake bila kumbukumbu, nusu ya ushahidi wake imekwisha kupotea. Kina ulipokuwa, upande ulioelekea, udongo uliouzunguka, kipande cha chungu kilichokuwa kando yake, yote hayo ndiyo yanayoeleza ni wa nani na wa lini. Sisi tunaona faraja kwamba Kanisa, katika jambo linaloligusa kiasi hicho, lilikubali kusema "hatuna hakika" mwaka 1950, na likavumilia miaka 18 kabla ya kusema zaidi. Kama Baba Mtakatifu aliweza kungoja juu ya mifupa ya Petro, fundi wetu aweza kungoja siku tatu juu ya mfupa wa asiyejulikana.

Kuna sababu nyingine inayotufanya Watanzania tulishike jambo hili kwa uzito. Sisi ni watu ambao mifupa ya nchi yetu imechukuliwa bila sisi kuulizwa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa mno ikichomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 mamia ya wananchi waliajiriwa kuchimba, wakiwa na wasimamizi wao hodari, miongoni mwao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa iliyogeuka mawe zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na kutoka huko zikapelekwa Berlin. Yule tunayemwita mjusi wa Tendaguru, mwenye umri wa takribani miaka milioni 150, alisimamishwa katika makumbusho ya huko mwaka 1937, naye sasa ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Habari zake zimezungumzwa hata Bungeni.

Lakini mjusi ni mjusi. Yaliyochukuliwa pamoja naye katika zama zilezile ni mafuvu ya babu zetu. Mnamo Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka katika lililokuwa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mafuvu 904 yalitambuliwa kuwa yametoka katika maeneo ya Rwanda ya sasa, 202 Tanzania na 22 Kenya. Kwa kulinganisha vinasaba, walipatikana pia nchini Tanzania jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu hao. Mmoja wa marehemu alikuwa akida wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo wa 2023, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea, mahali ambapo viongozi wa Maji Maji walinyongwa mwaka 1906.

Tunasikitika kwa haki juu ya mafuvu hayo. Tunauliza: waliwezaje kukichukua kichwa cha mtu kama wachukuavyo jiwe? Lakini basi tujiulize na sisi. Je, tunaupa heshima gani mfupa unaotokea katika kiwanja chetu wenyewe? Hatuwezi kuwalaumu wa ng'ambo kwa kuyahesabu mafuvu kuwa vitu, huku sisi tunautupa mfupa kichakani ili tumwage zege kabla ya Jumamosi. Nyani haoni kundule, walisema wahenga.

Tunajua kuna pingamizi, nalo tumelisikia kwa masikio yetu: "Padre, tukitoa taarifa, kazi itasimama. Polisi watakuja watuhoji sisi. Huenda kiwanja kikachukuliwa. Heri kufukia na kunyamaza." Pingamizi hili si la kupuuzwa. Mtu maskini aliyekopa fedha za saruji anahesabu kila siku inayopita, na kuogopa kuhojiwa si ujinga. Kwa hiyo tunasema maneno mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka: mtu anayekuja kwa hiari kueleza alichokiona ni shahidi mwema, asipokelewe kama mtuhumiwa. Mkimtisha mmoja, kumi watafukia. La pili ni kwetu sote: gharama ya uaminifu isimwangukie mmoja peke yake. Kama kazi ya ndugu imesimama siku tatu kwa sababu ametenda haki, jumuiya ndogo ndogo ya mahali hapo impe siku moja ya nguvu kazi. Tunafanya hivyo kwenye misiba. Na huu nao ni msiba, ingawa jina la marehemu halijulikani.

Katika utendaji, hatua ni chache. Acha kuchimba mahali pale. Usiuoshe mfupa, usiuvunje, usiuingize nyumbani, wala usitafute vipande vingine. Ufunike kwa majani au kitambaa, uzungushie mawe au vijiti, na uwazuie watoto na mbwa. Ita mashahidi wawili watu wazima. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, au kwa mtendaji, ili polisi na maofisa wa mambo ya kale waitwe kadiri inavyohitajika. Na kama kuna nguo, nywele au dalili yoyote ya kifo cha karibuni, polisi waitwe mara moja. Ukipiga picha kwa simu, weka kalamu au kijiti kando ya mfupa ili ukubwa wake uonekane, na picha hiyo mpe mhusika tu. Usiirushe katika makundi ya simu ikiwa na maneno ya kukisia. Picha moja yenye jina la mtu chini yake yaweza kuchoma nyumba kabla ya usiku wa manane. Na akitokea wa kupiga ramli, viongozi wa jumuiya wasimame waziwazi upande wa anayetajwa, wakalale hata nyumbani kwake ikibidi.

Kama wataalamu watasema kwamba ni mfupa wa binadamu, si wa makumbusho, na hauna jamaa anayejulikana, ndipo inapokuja zamu ya huruma. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kimwili. Tobiti aliacha chakula mezani akaenda kumchukua maiti wa ndugu yake asiyekuwa na wa kumzika, huku akijua kwamba kwa kitendo hicho aliwahi kunyang'anywa mali yake yote. Wana wa Israeli waliibeba mifupa ya Yosefu tangu Misri, miaka yote ya jangwani, mpaka wakaizika Shekemu, kwa sababu baba zao waliapa. Kwa asiyejulikana hatukuapa lolote, lakini ubinadamu wake ni kiapo cha kutosha. Hatujui kama alibatizwa, kama alikuwa Mwislamu, au kama aliishika dini ya mababu. Basi tushauriane na wazee na mashehe wa mahali petu, tumzike kwa pamoja na kwa unyenyekevu, na msalaba au jiwe liwekwe kadiri ya makubaliano. Mungu anamfahamu kwa jina lake.

Tunawaombeni, wapendwa, jambo hili lizungumzwe katika jumuiya zetu juma hili, kabla mvua hazijaanza na kabla mfupa wowote haujaonekana. Baada ya kuonekana, umati ukiisha kukusanyika na jina la mtu likiisha kutajwa, huwa ni vigumu sana kuzungumza. Mafundi na vibarua nao waambiwe, maana wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuuona.

Raha ya milele uwape ee Bwana marehemu wote, hasa wale wasio na wa kuwaombea. Tunawatakieni nyote juma jema lenye amani na baraka. Tumsifu Yesu Kristo!